Kunyoosha mguu mzima ili kuusaidia ulioumia: mwongozo kamili

Mtu akifungwa hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa uliovunjika) mguu wa kulia, mara nyingi huambiwa aunyooshe wa kushoto ili wa kulia usizidi kudhoofu. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Lakini wengi huufuata wiki tatu au nne, kisha wakaja na lalamiko moja: "Nimenyoosha sana, mguu mwengine haujasogea hata chembe." Ukiwauliza walinyoosha vipi, jawabu ni sekunde kumi huku wakidundadunda, hawakupima kitu, na walitarajia mguu ulio ndani ya hogo utoke laini kana kwamba haukuvunjika.

Mwongozo huu unamhusu aliyefungwa hogo chini ya goti, aliyefunguliwa karibuni na mguu bado haukubali kuvutwa, na mchezaji aliyeteguka kifundo upande mmoja ukabaki umekaza. Mguu usioumia tutauita mguu mzima, na ulioumia mguu mgonjwa. Kazi kubwa itakuwa kwenye shavu la mguu, kwa sababu ndilo linalosinyaa haraka ndani ya hogo na ndilo linalomzuia mtu kuchuchumaa, kupanda ngazi na kukaa tahiyyatu. Habari ya mkono iko mwishoni, kwa ufupi.

## Kinachovuka na kisichovuka

Ukiuvuta msuli wa mguu wa kushoto kwa muda mrefu, msuli wa kulia haurefuki. Kinachobadilika kiko kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambavyo huihudumia miguu yote miwili. Huizoea ile hisia ya kuvutwa na kuchelewa kuihesabu kuwa hatari, kwa hiyo mguu wa pili nao huweza kwenda mbele kidogo kabla hujahisi kwamba umefika kikomo.

Nguvu huvuka vizuri zaidi kuliko ulaini. Kuna jaribio ambalo watu walinyoosha shavu la mguu wa kulia peke yake: mara 4 za sekunde 30, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 10. Nguvu za mguu wa kulia zilipanda kwa asilimia 29, na za kushoto, ambao haukunyooshwa kabisa, kwa asilimia 11. Sasa angalia ulaini wa kifundo: wa kulia uliongezeka kwa asilimia 8, wa kushoto asilimia 1 tu, kiasi kisichofaa hata kuhesabiwa. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye kunyoosha. Unaongeza zoezi la nguvu la kushusha polepole, na asiyelifanya ajue ameacha nusu iliyo nono.

Haivuki dawa ya kiungo kilichokakamaa chenyewe, wala ya kovu, uvimbe, au kano iliyofupika ndani ya hogo. Hayo hutibiwa kwenye mguu wenyewe, wakati wake ukifika.

Je, kuna faida ya kujisumbua? Ipo, nayo ni kutangulia. Wanawake wa zaidi ya miaka 50 waliovunjika kifundo cha mkono waliufanyisha mazoezi mkono mzima wakati mwengine ukiwa umefungwa. Ilipofika wiki ya 12, mkono uliovunjika ulikuwa na nguvu zaidi za kushika kuliko wa wenzao ambao hawakufanya. Ilipofika wiki ya 26, tofauti ilikuwa imekwisha. Kwa mchumaji karafuu au mkulima wa mwani, kurudi kazini wiki kadhaa mapema si jambo dogo. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia maneno.

## Vitu vya kuandaa

- Ukuta ulionyooka na sakafu ngumu isiyoteleza. Busati au zulia liondolewe sehemu ya kupimia.
- Futi ya fundi cherehani na kipande cha chaki.
- Uzi wa mita moja wenye jiwe dogo au nati mwishoni, utakaokuwa timazi.
- Kanga moja iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Mpya bado ina wanga na huteleza kwenye wayo.
- Kipande cha mpira wa ndani wa baskeli, urefu wa mita moja na nusu hivi, uliopasuliwa na kuoshwa unga wake.
- Mkeka, mito miwili na kiti kigumu kisichoyumba. Baraza ya nyumba hufaa pia ikiwa miguu inagusa chini.
- Karatasi chache, daftari, na simu yenye saa ya kuhesabia sekunde.
- Msaidizi wa siku ya kupima. Siku nyengine unaweza kufanya peke yako.

## Wasioanza bila kuuliza

Usianze ndani ya siku tatu za mwanzo baada ya kuvunjika au kupasuliwa. Usianze kama mguu mzima nao una jeraha, kama una kisukari na nyayo zimekufa ganzi, kama presha yako haijatulia, au kama mgongo unarusha maumivu mguuni. Mjamzito apunguze nguvu ya kuvuta, kwa sababu nyuzi zinazofunga viungo vyake hulegea.

Zipo dalili ambazo si za mwongozo wowote, ni za hospitali siku hiyo hiyo: maumivu ndani ya hogo yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vikisogezwa, vidole vilivyopauka, vya baridi au vyenye ganzi, shavu la mguu wowote kuvimba na kuwa la moto, au pumzi kukata ghafla na kifua kuuma. Mbili za mwisho huweza kuwa damu iliyoganda. Ukiwa mjini Unguja nenda hospitali ya Mnazi Mmoja, ukiwa kusini mwa Pemba nenda hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, au kituo kilicho karibu zaidi. Usingoje asubuhi.

Na jambo moja ambalo huku kwetu lazima lisemwe waziwazi: mguu uliovunjika usikandwe. Mkandaji akija na mafuta yake, mpe mgongo na mabega, ambayo kwa magongo yanakuwa yamechoka kweli.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa kitu

Usipopima siku ya kwanza, wiki ya sita utabaki kubahatisha. Chagua saa moja na uishike. Alasiri inafaa, kwa sababu asubuhi mwili umekaza na baada ya kazi nzito umechoka. Anayekwenda pwani kwenye mwani asipime siku aliyotoka kuinama saa nne kwenye maji ya bamvua.

Kipimo cha ukuta, kwa mguu ulioruhusiwa kukanyaga. Chora kwa chaki mstari unaotoka ukutani moja kwa moja, uweke alama kila sentimita hadi 15. Weka mguu juu ya mstari, kidole gumba na katikati ya kisigino vyote viguse chaki. Peleka goti mbele hadi liguse ukuta, likipita juu ya kidole cha pili. Likikubali, rudisha mguu nyuma sentimita moja, urudie. Alama ya mwisho ambapo goti bado linagusa na kisigino kiko chini ndiyo kipimo chako, kutoka ukutani hadi ncha ya kidole gumba.

Udanganyifu wote hutokea kwenye kisigino. Msaidizi aweke karatasi chini yake na kuivuta goti likiwa ukutani. Ikitoka bila kuchanika, kisigino kimenyanyuka na kipimo hicho hakihesabiwi. Aangalie pia upinde wa ndani wa wayo: ukilala chini, goti hufika ukutani kwa njia ya mkato.

Kipimo cha kiti, kwa mwenye hogo, apime mguu mzima bila kusimama. Kaa kitini, wayo wote chini. Vuta mguu nyuma chini ya kiti polepole, kisigino kisinyanyuke, mpaka ufike mwisho. Msaidizi ashike timazi mbele ya goti na kupima kutoka uzi hadi ncha ya kidole gumba.

Kila kipimo rudia mara tatu, andika cha katikati, wala usichukue kile kilichokupendeza. Usichanganye ukuta na kiti kwenye safu moja ya daftari, maana namba zake hazilingani.

Unene wa shavu. Pima sentimita 10 chini ya ukingo wa chini wa kifuniko cha goti, utie alama, uzungushe futi bila kukaza. Mguu wenye hogo utaupima siku ya kufunguliwa.

Nguvu. Kwa asiye na hogo tu: simama mguu mmoja, ncha za vidole vya mikono ziguse ukuta, nyanyua kisigino hadi juu kabisa na ushushe, mara moja kila sekunde mbili. Hesabu mpaka kisigino kishindwe kufika juu. Fanya na mguu wa pili baada ya mapumziko ya dakika tano.

Ukimaliza unapaswa kuwa na ukurasa mmoja wenye tarehe, saa, upande, na namba mbili au tatu.

## Hatua ya 2: Pasha mwili moto kwa dakika tano

Joto la Kaskazi si joto la msuli. Mwenye hogo akae kitini: azungushe kifundo kizima mara 30 kila upande, anyooshe goti la mguu huo mara 20, kisha apige vidole chini huku kisigino kimetua kwa dakika moja. Asiye na hogo atembee kwa mwendo wa haraka. Ngozi ikianza kutoa jasho jembamba, inatosha.

Ukiruka hatua hii msuli huweza kukamata katikati ya zoezi, na ukikamata hutaushikilia tena sekunde sitini siku hiyo.

## Hatua ya 3: Nyoosha, na ushikilie kweli

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Athari kwa upande wa pili hutegemea sana muda. Majaribio yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kwamba ongezeko kubwa la ulaini kwa viungo visivyonyooshwa huja pale jumla ya kushikilia inapozidi sekunde 240, yaani dakika 4 za msuli huo mmoja. Sekunde 10 mara tatu ni nusu dakika. Hazitoshi, na hazitatosha hata ukizifanya mwaka mzima.

Mwenye hogo. Kaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, mguu wenye hogo juu ya mto. Nyoosha mguu mzima mbele. Pitisha kanga iliyokunjwa mara nne kwenye sehemu pana ya wayo, chini tu ya vidole. Ukiipitisha katikati ya wayo utavuta upinde na shavu litabaki limelala. Shika ncha mbili, mikono inyooke, kisha egemea nyuma kwa mwili. Uzito wa kifua ndio uvute. Ukivuta kwa misuli ya mikono utachoka kabla ya sekunde 30.

Asiye na hogo. Weka mikono ukutani kwa urefu wa kifua, rudisha mguu mzima nyuma hatua ndefu, vidole vielekee ukutani, goti linyooke, kisigino kikandamize sakafu. Sogeza nyonga mbele mpaka shavu livutike. Vidole vikigeuka nje hata kidogo, mvutano huhamia upinde wa wayo.

Kwa hali zote mbili, pima ukali kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 10 ni maumivu usiyoyavumilia. Kaa kwenye 6 au 7. Chini ya hapo mfumo wa fahamu huenda ukakosa cha kutosha cha kuzoea. Juu ya hapo msuli hujikaza kujilinda, nawe unakuwa unashindana nao. Baada ya sekunde 20 hivi utahisi mvutano umepungua wenyewe. Ongeza kidogo urudi kwenye 6. Usidundedunde.

Pumua kama kawaida. Anayeshikilia pumzi hupandisha presha bure, na kipimo chake cha maumivu huharibika.

Ratiba:

1. Wiki ya 1: mara 4 za sekunde 30, mapumziko sekunde 30 katikati, siku 3.
2. Wiki ya 2: mara 4 za sekunde 45, siku 4.
3. Wiki ya 3 hadi ya 10: mara 4 za sekunde 60 goti likiwa limenyooka, kisha mara 2 za sekunde 60 goti likiwa limekunjwa kidogo, siku 5.

Kukunja goti si pambo. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa iliyolaliana. Wa juu unavuka goti, kwa hiyo huvutika goti likinyooka. Wa chini hauvuki, na huvutika vizuri pale wa juu unapolegezwa. Kuchuchumaa hutegemea sana huo wa chini.

Ukifanya sawasawa, mvutano utakuwa katikati ya nyama ya shavu. Ukiwa mbele ya kifundo, kama kitu kimebanwa, hiyo ni mifupa kugongana. Kuvuta zaidi hakutasaidia, rudi nyuma kidogo. Ukiwa nyuma ya goti pamoja na vijisindano vinavyoshuka hadi wayo, umevuta neva. Legeza kanga, inua kidevu, usiiname mbele. Vikiendelea, acha siku hiyo.

## Hatua ya 4: Uache mguu mgonjwa utulie

Wakati mguu mzima unafanya kazi, mguu mgonjwa una tabia ya kujikaza pamoja nao. Kwa mwenye mfupa mbichi hilo huleta maumivu. Kwa anayetaka kujua kama kweli kuna kinachovuka, humharibia kipimo. Weka mto chini ya goti na kifundo chake, na kila dakika uuchunguze: paja limelegea? Vidole vimelegea?

Unachoweza kuufanyia ni kuufikiria. Katika mapumziko ya sekunde 30, funga macho na ujione unausukuma wayo ule chini kwa nguvu zako zote, bila kuukaza. Kuna majaribio ya mkono uliofungwa ambapo waliofanya hivyo kila mara walipoteza nguvu chache zaidi kuliko wasiofanya. Wenye kioo kikubwa cha kabati wanaweza kukisimamisha katikati ya miguu, kielekee mguu mzima, ili wakikitazama waone kana kwamba mguu mgonjwa ndio unaofanya kazi. Kiegemezwe vizuri. Kioo kilichoanguka juu ya hogo ni safari nyengine ya hospitali.

## Hatua ya 5: Zoezi la nguvu, la kushusha polepole

Fanya siku 3 kwa wiki, zisizofuatana, baada ya kunyoosha. Nguvu huvuka vizuri pale kazi inapokuwa nzito na msuli unaporefuka huku ukipinga.

Mwenye hogo akae vile vile mkekani na kupitisha mpira wa baskeli mahali palipokuwa na kanga. Sukuma wayo mbele hadi mwisho, kama unakanyaga breki ya gari. Kisha kaza mpira kwa mikono ili ushinde, na mguu ukubali kushindwa polepole kwa sekunde 4. Mara 8, pumzika dakika 2, rudia mpaka ziwe seti 4. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Kama mara ya nane umeifanya huku unazungumza, kunja mpira uwe tabaka mbili.

Asiye na hogo asimame ukingoni mwa ngazi, visigino viwe nje, ashike mlango au ukuta. Apande kwa mguu mzima na ule mwengine kwa msaada kidogo kama umeruhusiwa, ashuke kwa mguu mzima peke yake kwa sekunde 4 mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Seti na idadi ni zile zile. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe nyingine ni za juu mno na zimelika. Tafuta iliyo na ukingo mkavu.

Maumivu mepesi ya shavu kesho yake ni kawaida na huisha ndani ya siku mbili. Maumivu makali kwenye kano ya kisigino, hasa hatua za kwanza asubuhi, yanasema umekwenda haraka. Rudi seti 2 kwa wiki moja. Kumbuka mguu mzima tayari unabeba mwili wote kwa magongo, nao una haki ya kuchoka.

## Hatua ya 6: Pima tena kila baada ya wiki mbili

Masharti ni yale yale: saa ile, sakafu ile, msaidizi yule. Kipimo cha ukuta kinaweza kupotoka sentimita moja hivi bila sababu yoyote, kwa hiyo badiliko lililo chini ya hapo usilisherehekee wala usilililie. Sentimita moja ya ukutani ni kama digrii tatu na nusu za kifundo.

Mguu mzima ukizidi sentimita moja na nusu kufikia wiki ya sita, unafanya vizuri. Mguu mgonjwa, kwa asiye na hogo, mara nyingi utasogea kidogo tu au usisogee kabisa. Dalili ya mafanikio kwake iko kwenye hesabu ya kunyanyua visigino: ukitoka 10 ukafika 12 bila kuufanyisha kitu, nguvu zinavuka.

Kuna anayetaka kuona athari papo hapo. Pima mguu usionyooshwa, nyoosha mwengine dakika zote nne, kisha pima tena ndani ya dakika tano. Baadhi ya watu huona tofauti. Huanza kufifia haraka, basi usipime baada ya kunywa chai.

Kipimo kisiposogea hata kwenye mguu mzima, tafuta kosa kwa mpangilio huu: muda wa kushikilia, ukali, kisigino, idadi ya siku. Takriban kila mara ni la kwanza. Weka saa ya simu mbele ya macho, kwa sababu sekunde 60 za kichwani mara nyingi hazifiki 60 za saa.

## Hatua ya 7: Hogo likifunguliwa

Sasa ndipo kazi ya wiki zote inapotumika, na mpangilio una maana yake. Ukisharuhusiwa na daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuusogeza mguu mgonjwa, anza kila siku na mguu mzima, dakika zake 4. Mara tu ukimaliza, hamia mguu mgonjwa: mara 2 za sekunde 20, ukali wa 3 au 4 tu, kwa kanga, umekaa. Ule uvumilivu wa kuvutwa uliovuka bado upo kwa dakika chache, na mguu mgonjwa utakubali kwa hofu ndogo zaidi. Ukianza na mgonjwa, umetupa nafasi hiyo.

Pima unene wa shavu siku ya kwanza. Utakuta mwembamba na utashituka. Ni kawaida.

Ongeza sekunde 10 kila siku tatu ikiwa uvimbe wa jioni hauongezeki. Ukiongezeka, rudi kiwango cha juzi. Usisimame ngazini kwa mguu mgonjwa mpaka uweze kutembea bila kuchechemea ndani ya nyumba.

Kwa anayeswali, tahiyyatu ni kipimo kizuri kuliko vingi, kwa sababu mguu wa kushoto hulazwa na wa kulia husimamishwa juu ya vidole, na kifundo hudaiwa pande zote. Kwa sababu hiyo hiyo, usiilazimishe mapema. Swali kwenye kiti mpaka uweze kushuka na kukaa bila kuegemea mkono.

Mchumaji karafuu asirudi mtini kwa kuwa msimu umefika. Arudi pale mguu mgonjwa unaponyanyua kisigino angalau mara 9 kwa kila 10 za mguu mzima. Kuna mtego hapo: mguu mzima umeupa mazoezi ya wiki kumi, kwa hiyo kizingiti kimepanda. Kama daftari la siku ya kwanza lina hesabu ya mguu mzima kabla ya mazoezi, linganisha na hiyo.

## Wakati wa mfungo na siku za mechi

Ramadhani fanya saa moja na nusu hivi baada ya futari. Kunyoosha peke yake unaweza kufanya alasiri, lakini zoezi la nguvu bila maji ni kualika msuli kukamata.

Mchezaji asinyooshe dakika nne muda mfupi kabla ya kuingia uwanjani, awe Amaan, Gombani au kwenye ndondo ya mtaani. Kushikilia zaidi ya sekunde 60 kwa msuli hupunguza kidogo nguvu zake za kuruka na kukimbia kwa muda baadaye. Fanya usiku, au siku isiyo na mazoezi.

## Kwa mkono

Kanuni ni zile zile. Hogo likiwa kwenye kifundo cha mkono, mkono mzima ubane mpira wa tenisi kwa nguvu zote sekunde 3, mara 8, seti 4, siku 3 kwa wiki. Kisha weka kiganja ukutani, vidole vielekee chini, kiwiko kinyooke, ushikilie sekunde 60 mara 4. Vidole vya mkono wenye hogo, kama viko huru na umeruhusiwa, vikunje na kuvikunjua kila saa, na mkono ukae juu ya usawa wa moyo wakati wa kupumzika.

Mkono au mguu mgonjwa ukishafika tisa kwa kumi, punguza upande mzima hadi siku mbili kwa wiki, na muda uliookolewa uuhamishie upande mgonjwa, ambao sasa unaweza kufanya kazi yake wenyewe.